Kijiti cha Kiberenge

Jumanne nilipanda kiberenge cha vijana, kile kinachopita kwenye reli nyembamba ya zamani, kikitoa mpunga na watu mashambani hadi kituo cha Viwanja Sitini. Dereva alikuwa binti wa miaka kama ishirini. Magunia yamepakiwa, abiria tumekaa, yeye haondoki.

"Nasubiri kijiti," alisema.

Mzee mmoja akanigusa kiwiko. "Umesikia? Hawa watoto wana dawa yao. Bila kale kakijiti kekundu hawatembei. Wiki iliyopita kalituchomesha jua. Leo nimekuja na kangu."

Kusema kweli, hata mimi nilishawashuku.

Mzee akachomoa kwenye kikapu kijiti alichochonga mwenyewe, kimepakwa rangi nyekundu ya mikeka. "Shika, mjukuu wangu. Twende."

Binti akapiga goti kidogo, akakipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, babu." Kisha akakivunja vipande viwili.

Mzee akasimama kufoka, lakini hakufika mbali. Kwenye kona kikachomoza kiberenge kingine, kimejaa watu, kinakuja mbio kwenye reli yetu ile ile. Kilipunguza mwendo, kikaingia njia ya pembeni, na dereva wake akamrushia binti kijiti chekundu.

"Reli moja, kijiti kimoja, babu. Aliyenacho ndiye anayepita," binti alisema, akawasha mashine.

Mzee akakaa. Mimi nikakumbuka ofisi zetu za ardhi: shamba moja, wenyewe watatu, na kila mmoja ana kijiti chake chenye mhuri.