Mikono ya Dada Kabla ya Harusi

Mpaka leo, nikisikia harufu ya limao iliyochanganyika na manukato, natoka nje.

Dada yangu aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, sokoni Gisenyi. Wiki ya harusi yake, shangazi wa bwana harusi alikuja nyumbani kupanga nguo na maua ya kanisani. Alimkalisha dada uani, akamsugua mikono kwa limao na mchanga mpaka ngozi ikachubuka, kisha akaimiminia manukato.

"We mutoto, nusa," aliniambia. "Iko inanuka samaki bado?"

Nilinusa samaki, limao na damu. Nikatapika karibu na viatu vya shangazi.

"Tantine," dada alimwambia shangazi polepole, "pasta alitufundisha kama ndoa ni agano. Bwana anapenda bibi vile Kristo anapenda kanisa. Kristo alisugua kanisa lake hivi?"

Shangazi aliokota limao lingine. Bwana harusi mwenyewe alikuwa ameketi pale pale, akinywa Fanta. Dada akamgeukia, akangoja.

"Tantine, umusugue tena kidogo," bwana harusi alisema.

Dada akanyoosha mikono. Jumamosi waliapa madhabahuni, na mimi nilikataa kuimba na kwaya.