Mvushaji Aliyewajua Wakwe Zetu

Mtafiti alipofika shuleni ninakofundisha kutafuta mkalimani, nilidhani amepotea njia. Alikuwa anachunguza hatari za usafiri wa majini na jinsi watu wanavyojihami nazo. Nikamwambia, dada yangu, meli ziko Musoma na Mwanza, huku sisi tuna ng'ombe. Akacheka, akasema anataka kivuko chetu cha Mto Mara, chenye mtumbwi mmoja. Likizo ilikuwa imeanza na mimi kukaa bure siwezi, nikakubali.

Mvushaji mwenyewe si mtu wa kwetu. Alitoka kisiwani Ukerewe kufuata dhahabu kwenye machimbo ya Nyangoto, akachimba weee mpaka akachoka, ndipo akarudia kazi aliyokulia. Sisi Wakurya na maji hatuivi, kwa hiyo hakuna aliyegombea naye kafi.

Siku ya kwanza mtafiti aliona mtumbwi ukiondoka nusu mtupu, huku mwanamume mmoja ameachwa ukingoni. Akaandika kwenye fomu kwamba mvushaji anapoteza muda. Nilimkatiza kwa ukali, nakiri. Ndani ya mtumbwi alikuwamo mama mkwe wa yule mwanamume, na kwetu mkwe na mama mkwe hawakai karibu, hawagusani, hata mkono hawapeani.

"Hata majini?" akauliza.

Mvushaji akajibu mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza, hajui hili wala lile, aliwapakia pamoja mama na mkwewe. Katikati ya mto mkwe akainuka ili ajitenge, mtumbwi ukapinduka. Waliponea kwenye matete. Tangu hapo akajifunza nani kaoa kwa nani, ng'ambo hii na ile, bila daftari. Mimi niliyezaliwa hapa ananishinda.

Mtafiti akafuta ule mstari wake, akaandika ukurasa mzima. Nilimpenda kwa hilo. Wasomi wengi niliokutana nao hawafuti kitu.

Wiki ya pili mvua ilinyesha mfululizo, mto ukafura. Asubuhi moja mke wangu akafika kivukoni kwa bodaboda na mama yake, homa imempanda, hata kuketi hawezi. Zahanati iko ng'ambo. Mvushaji akayatazama maji, akasema ni safari moja tu, baadaye hapavukiki, na inataka makafi mawili. Mwenzake wa kupiga kafi alikuwa msibani. Pale ukingoni, aliyejua kushika kafi nilikuwa mimi peke yangu, kwa kuwa mvushaji alikuwa amenifundisha wiki nzima huku akinicheka.

Nikataka kupanda, akanizuia kwa mkono. Hakuniuliza mimi. Alichuchumaa mbele ya mama, akamwamkia, akamweleza taratibu kwamba mpiga kafi aliyepo ni mkwe wake, na kama hakubali, atajaribu kumvusha peke yake. Nilijua peke yake hawafiki. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye dakika ile.

Mama akajifunika kitenge usoni.

"Apande," akasema.

Mtafiti akavua boya lake la kuvaa, akamvika mama. Nikakaa mbele, mke wangu na mama yake katikati, mvushaji nyuma. Tulipofika penye mkondo mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia, mama akateleza mpaka magoti yake yakanigusa mgongo. Naapa, miguu yangu ilitaka kuinuka yenyewe.

"Mwalimu, piga," mvushaji akasema, kwa sauti yake ileile ya kila siku.

Nikapiga.

Ng'ambo, mvushaji aliushikilia mtumbwi usichukuliwe na maji. Mke wangu akajaribu kumwinua mama, akashindwa, akajaribu tena. Mimi nilisimama kando, nimegeuza uso kama inavyonipasa, na moyo unaniuma. Ndipo nikasikia sauti chini ya kitenge.

"Mwanangu, nibebe."

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, hakuwahi kuniita hivyo. Nikainama, nikambeba mgongoni hadi zahanati, na njia nzima nilikuwa nalia.