Mkono wa Upande wa Ukuta

Mwezi wa sita ulipoingia na baridi ya Nakuru ikaanza kung'ata masikio, hoteli moja ya Milimani ililifunika bwawa lake kwa turubai, ikawaambia baadhi ya vibarua wake warudi mwezi wa tisa. Achola alikuwa mmoja wao. Kazi yake ilikuwa kukusanya taulo na kupiga deki kando ya maji. Kila Jumatatu asubuhi, kabla wageni hawajaamka, Kocha Kosgei alikuwa akiwaruhusu wafanyakazi waingie majini. Hapo ndipo Achola alipojifunza kuogelea, mwanamke mzima wa miaka ishirini na sita aliyeng'ang'ania ukingo kwa mikono yote miwili huku wapishi wakimcheka.

Walimcheka zaidi kwa sababu ya jina lake. Mjaluo gani huyu anayeogopa maji? Babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli, baba yake akazaliwa Nakuru, na lile ziwa kubwa la Wajaluo Achola alikuwa amelionea kwenye kalenda tu. Alilolizoea ni hili la hapa, lililolala kule chini nyuma ya ua wa mbuga, la magadi na watalii. Mji wenyewe ni wa ajabu: maji yanameremeta mbele ya kila mtu, na mtu wa mtaa wa Kaptembwo, kama yeye, hana pa kulowesha hata kidole. Mabwawa yote aliyoyajua Achola yalikuwa nyuma ya geti, na kila geti lilikuwa na askari.

Sasa hata zile Jumatatu zilikuwa zimekwisha. Meneja mpya alisema kwamba bwawa likifunguliwa, hakuna mfanyakazi atakayeingia majini isipokuwa mwokoaji, yule anayekaa kando kuwalinda wageni wasizame. Nafasi ilikuwa moja tu. Kosgei angewajaribu walioitaka siku bwawa litakapojazwa. Kwa hiyo Achola alijua kilichokuwa mbele yake: aipate nafasi hiyo, au asiguse maji tena.

Kosgei alikuwa amewaonya kwamba miezi bila maji humla mwogeleaji. Mabega hukakamaa, pumzi hufupika, mwili husahau. Achola aliapa kwamba wake hautasahau. Alfajiri alikimbia kando ya barabara ya Njoro, mvuke ukimtoka mdomoni. Nyongesa, jirani mwenye boda boda, alimpa blada, ule mpira mrefu unaokatwa kwenye tyubu ya gari kwa kufungia mizigo. Achola aliuzungusha kwenye mguu wa kitanda, akalala kifudifudi juu ya benchi, akashika ncha zake mbili na kuvuta, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka mabega yakawaka moto. Kwa ajili ya pumzi alijaza karai maji, akapiga magoti na kutumbukiza uso.

Karai ndilo lililomuumiza. Masikio yakishaziba, ile sauti nzito ya chini ya maji ilikuja, na kwa muda mfupi mwili mzima uliamini kwamba umerudi. Kisha magoti yakahisi sementi. Vazi lake la kuogelea lilining'inia msumarini, halijafuliwa tangu bwawa lifungwe, maana lilikuwa bado linanukia dawa ya maji. Kila harufu ilipozidi kufifia, alilisogeza karibu zaidi na pua.

Siku ya kwanza ya blada, kiwiko chake cha kushoto kiligonga ukuta. Vyumba vya kupanga vya ploti yao vilitenganishwa kwa mabati, na upande wa pili aliishi Winrose, aliyewafulia watu nguo na ambaye mtoto wake mchanga alikuwa ndiyo kwanza amelala. Winrose alikuja mlangoni, mtoto analia begani.

"Achola, unajenga ama unabomoa?"

"Naogelea."

Winrose alitazama benchi, akatazama karai, akamtazama Achola aliyetapakaa jasho. "Basi ogelea polepole, mtoto alale. Na usizame, tafadhali. Mimi sijui kuokoa mtu."

Wakacheka wote wawili. Lakini tangu siku hiyo Achola aliubana mkono wa kushoto karibu na mbavu ili usiguse bati. Benchi halikuwa na pengine pa kukaa. Kitanda kilikuwa huku, jiko na mitungi kule. Na alipogeuza uso kuvuta hewa, aligeukia mlangoni siku zote, kwa sababu upande mwingine bati lilikuwa puani. Baada ya wiki kadhaa hakulifikiria tena.

Mtu mwingine aliyeitaka nafasi ile alikuwa Yaseen, kijana mpole wa jikoni, ambaye majira ya baridi alikwenda kukaa kwa shangazi yake Mombasa. Siku moja aliwatumia wenzake picha akiwa amesimama baharini, maji yamemfika kifuani. Achola aliitazama picha ile mpaka simu ikajizima. Hakuwa akimtazama Yaseen.

Mwezi wa tisa bwawa lilijazwa. Achola alipoingia, maji yalimpokea shingoni na mgongoni, naye alilazimika kuinamisha kichwa ili Kosgei asione macho yake. Kocha alieleza jaribio kwa maneno machache: mmoja ajifanye anazama mwisho wa bwawa, mwenzake amwendee mbio na kumleta ukingoni, kisha wabadilishane. Yaseen alitangulia, akamleta Achola bila taabu.

Ikawa zamu yake. Achola alikata maji kwa nguvu ambazo hata yeye hakujua anazo. Pumzi ilimtosha, mabega yaliitika, na moyoni aliona kwamba blada na karai vimemlipa. Aliinua kichwa kumshika Yaseen. Yaseen hakuwapo. Mbele yake ulikuwa ukingo wa bwawa, na Yaseen alikuwa kule kulia, ameshapitwa, anapigapiga maji na kumshangaa. Achola aligeuka, akamfikia, akamvuta hadi ukingoni haraka kuliko yeye alivyovutwa.

Kosgei alimwita kando na kumwambia polepole, Yaseen asisikie.

"Nguvu unazo, Achola. Pumzi unayo. Lakini umempita mtu anayezama."

Achola aliomba arudie. Kosgei alitikisa kichwa. Anayezama, alisema, hangerudia. Sikukuu za Desemba wageni huwa wengi na huenda akahitajika mwokoaji wa pili. Aje wakati huo, lakini aje akiogelea kwa kunyooka. Nafasi akapewa Yaseen. Achola alivaa nguo zake, akaenda kukunja taulo.

Jioni alilala juu ya benchi lake kama kawaida, akavuta, na kwa mara ya kwanza akautazama mkono wa kushoto. Ulikuwa umejikunja ubavuni kama bawa la kuku. Wa kulia ulivuta maji, wa kushoto ulichelea kumwamsha mtoto wa jirani. Alikaa kitako akacheka, kisha kicheko kikamwishia. Kosgei hakuwa amemwonea. Yaseen hakuwa amemwibia. Lakini uko wapi uadilifu wa mji unaomwacha mtu ajifunze maji chumbani, kando ya kitanda, kisha unampima kwa upana wa bwawa la Milimani?

Kesho yake, siku yake ya mapumziko, alilibeba benchi hadi uani, chini ya kamba za nguo, mbele ya milango yote ya ploti. Blada aliifunga kwenye nguzo ya kamba. Watu walitoka na vikombe vyao vya chai kutazama. Mmoja akamwuliza kama anaombewa. Achola alinyoosha mkono wa kushoto mpaka mwisho wake, akavuta, akageuza uso upande ule asiouzoea.

Winrose alifika na beseni la mashuka ya watu, akaanza kuyaanika juu yake.

"Sogea kidogo, mama. Yanachuruzika, utalowa."

Tone la kwanza lilimwangukia katikati ya mgongo, baridi, kisha la pili.

"Anika tu," Achola alisema, naye akaendelea kuvuta.