Kibemba Changu na Ua wa Jairo

Jairo aliendesha malori kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kushika jembe nyumbani kwake. Nyumba aliijenga Chapwa, pembeni ya Tunduma, kidogo kidogo kila aliporudi safari, na ua akauacha ujiotee wenyewe. Magugu yalifika madirishani. Nyuma ya jiko kulikuwa na matairi mabovu, injini iliyokufa na nyoka wawili ambao kila mtu mtaani aliwafahamu. Kwa hiyo Juni ile, baridi ikiwa imekaza na vumbi limeanza, watu walipomwona na fyekeo asubuhi na mapema, walisimama barabarani kumtania.

"Mzee, unaoa?"

Jairo aliendelea kufyeka. Alikuwa anamsubiri Violet, na sisi marafiki zake wawili, mimi na Gibson, ndio tu tuliojua.

Violet ni mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki binti akiwa darasa la tatu, na Jairo akamlea kwa namna aliyoiweza: wiki mbili kwa dada yake Igamba, wiki moja nyumbani, na simu kutoka kila mahali lori liliposimama. Binti alipokua akapendana na kijana wa Kasama, Zambia, akaondoka naye kabla ya mazungumzo ya mahari kufika hata katikati. Siku ile anabeba begi, Jairo alimwambia mbele ya wageni, "Nenda. Siku utakayorudi utakuta geti limefungwa." Nilikuwepo. Nilidhani ni hasira tu na itapita. Ilipita miaka saba.

Mwezi wa tano, ujumbe ukaja. Aliyeuleta ni Aida, Mnamwanga wa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka wa Tunduma, mteja wangu wa mchele na shangazi wa mume wa Violet. Violet anauliza kama anaweza kuja na watoto wake wawili shule zikifungwa Agosti. Nilimpelekea Jairo maneno hayo. Aliiacha chai yake ikapoa, kisha akasema, "Aje." Namba ya simu hakuomba, wala binti hakutuma yake. Wote wawili ni wagumu namna moja. Kila kitu kilipita kwa Aida, na kutoka kwa Aida kikapita kwangu.

Hapo lazima nijieleze, maana ndipo ubaya wenyewe ulipo. Mimi ni dalali wa mchele, na kwa miaka mingi nimewauzia watu wa ng'ambo, Zambia, ambako biashara huongewa kwa Kibemba. Kibemba changu ni cha sokoni: bei, salamu, kutaniana. Lakini nilipenda watu wanisikie nikikizungumza. Aida anajua Kiswahili vizuri tu. Akinisalimia kwa Kiswahili, mimi namjibu kwa Kibemba, sauti juu, ili makuli na wenye maduka wageuke. Akazoea. Mwisho akawa haniambii jambo ila kwa Kibemba, nadhani kwa kunionea huruma.

Basi tukaanza kazi. Kila mwaka kiangazi kwetu watatu ni wakati wa safari. Gibson, mwalimu mstaafu, ana gari lake aina ya Noah, nasi tulikuwa tumeshaenda kukiona kimondo, tumepanda mpaka ziwa Ngozi, tumelala Kasanga. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Matema, ziwani Nyasa. Jairo akasema Matema itasubiri. Akatushikisha mareki.

Sijawahi kufanya kazi ya namna ile, hata nikiwa kijana. Tuliondoa matairi. Tuling'oa visiki mpaka mgongo wa Gibson ukakataa kunyooka. Jairo alikwenda Igamba akarudi na magunia manne ya ukoka, akaupanda shina kwa shina akiwa amepiga magoti, na kwa kuwa maji ya bomba yalitoka siku mbili tu kwa wiki, akaumwagilia kwa ndoo na kopo. Ukoka kiangazi! Tulimwambia utakufa. Haukufa. Alipaka chokaa mawe ya njia, akalipaka geti rangi ya buluu, akafunga bembea ya kamba na kipande cha ubao kwenye mparachichi, kisha akaikalia mwenyewe kuipima, mtu wa kilo tisini.

"Watoto wana umri gani?" alimuuliza Gibson, kana kwamba mwalimu anajua umri wa watoto wote duniani.

"Mkubwa hawezi kupita sita."

"Basi iko juu mno." Akaishusha.

Agosti ikaingia. Kazi ilikuwa imekwisha zamani, ila Jairo hakukubali. Kila siku aliona jani limedondoka. Mimi na Gibson tulikuwa tumechoka, nasema kweli. Tulikuwa tunaitamani Matema. Tulianza kunung'unika kwamba huyo binti hata siku hajataja, kwamba kiangazi kinaisha, kwamba mvua ikianza barabara ya kule si ya kuchezea. Tulisema pembeni kwanza, baadaye mbele yake.

Jumatano moja, karibu saa saba mchana, Aida alinipigia. Nilikuwa sokoni, lori linashusha, watu wanapiga kelele, na yeye alikuwa mahali penye upepo. Nilisikia "Violet". Nilisikia "mailo". Nilisikia "Nakonde". Mengine yakamezwa, simu ikakatika.

Mailo nilijua ni jana. Wanawake wa Nakonde wakikuambia nyanya hizi ni za mailo, maana yake usizinunue. Ningeweza kumpigia tena nikamuuliza kwa Kiswahili. Lakini makuli wawili walikuwa wananitazama, na mmoja akauliza, "Mzee Deus, amesema nini?" Nikamjibu papo hapo, kwa fahari ya kijinga, kwamba kuna mtu alifika Nakonde jana.

Nikaenda Chapwa. Nilimkuta Jairo anaufagia ukoka, naam, anafagia nyasi. Nikamwambia, "Violet alifika Nakonde jana, kageuza."

Hilo "kageuza" nililitia mimi. Hakuna aliyelisema. Nilijiambia kwamba kama alifika jana na leo mchana hayupo hapa, basi kageuza, na kati ya Nakonde na Tunduma ni kuvuka mpaka tu. Nilijiambia hivyo haraka, kwa sababu nyuma ya maneno hayo kulikuwa na Matema.

Jairo aliweka ufagio chini. Hakunitukana wala hakumtukana binti. Alisema, "Kafika mlangoni kwangu akageuza." Kisha akaingia ndani, akatoka na begi lake la safari za zamani.

"Gari la Gibson lina mafuta?"

Tuliondoka Alhamisi alfajiri. Geti alilifunga kwa kufuli mbili na mnyororo, na mimi nikamshikia tochi. Tulipopita Vwawa alizima simu yake. "Asinisumbue mtu wa Nakonde," alisema. Gibson alinitazama kwenye kioo, akaongeza sauti ya redio.

Karibu na Tukuyu niliona Aida amenipigia mara tatu. Nikasema ni mambo ya mchele. Sikumpigia.

Matema ni pazuri, sitaki kupasingizia. Mchanga, milima imesimama juu ya maji, samaki wabichi. Mimi na Gibson tuliogelea. Jairo alikaa na viatu vyake miguuni akiangalia maji kama mtu anayengoja zamu hospitalini. Ijumaa walipita akina mama wanaouza vyungu, naye akanunua vidogo viwili, vya kuchezea. Nikamuuliza vya nini. Akasema vimemfurahisha. Hapo ningeelewa, kama ningekuwa mtu wa kuelewa.

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, ndipo nikampigia Aida. Kwa Kibemba, bado. Alinikata katikati, akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Baba Deus, nyie watu mna roho gani? Nilikwambia anakuja kesho. Kesho! Mtoto wa watu ameenda, amekuta makufuli."

"Ulisema mailo."

"Ndiyo, mailo. Kwetu jana ni mailo na kesho ni mailo. Anayejua lugha anasikiliza maneno mengine. Wewe si unajua lugha?"

Nilisimama pale mchangani na suruali imekunjwa mpaka magotini. Nilimwambia Gibson kwanza, kwa woga. Gibson akashauri tungoje mpaka tufike nyumbani. Nikamkatalia, na hilo ndilo jambo pekee la maana nililolifanya wiki ile. Nilimweleza Jairo yote: mailo, na "kageuza", na zile simu tatu. Nilitegemea anipige. Aliinuka, akajipangusa mchanga, akaenda kukaa ndani ya gari.

Tulifika Chapwa jua likiwa linaelekea kuzama. Jirani yake, Mama Tumpale, alitoka kabla hatujashuka.

"Alikuja hapa Alhamisi saa nne," alisema. "Yeye na watoto wawili, wamevaa nguo za kanisani. Nikamwambia mmeenda kuogelea Matema. Nimpigie baba yake, simu imezimwa. Nikamkaribisha kwangu akakataa. Wamekaa hapo kwenye jiwe mpaka saa nane. Watoto wanachungulia bembea kwenye vyuma vya geti. Nilimsikia anajisemea, 'Aliniambia nitakuta limefungwa.' Akacheka. Halafu wakaondoka."

Jairo alikuwa na funguo mkononi. Nilianza kuomba radhi tena, hapo hapo mbele ya Mama Tumpale, nikasema kosa ni langu, neno lile lilinidanganya, mimi ndiye niliyeharibu.

"Nyamaza, Deus," alisema. Hakupandisha sauti. "Uliniambia kafika Nakonde jana. Sawa. Nakonde iko wapi? Ningevuka tu. Kama kapita jana, ningemuuliza Aida kapitia wapi, ningemfuata mpaka Kasama, mimi niliyepeleka malori mpaka Lubumbashi. Baba gani anasikia mtoto wake yuko ng'ambo ya barabara halafu anafunga begi kwenda ziwani? Neno lako lilikuwa la siku moja. La kwangu lina miaka saba."

Nilihisi mzigo umenishuka, na papo hapo nikaona aibu kwa kuhisi hivyo. Mpaka leo sijui lipi lilikuwa baya zaidi.

Hakufungua geti. Alitaka twende Nakonde saa ile ile. Tulimkuta Aida anafunga duka lake. Hakutukaribisha kukaa. Violet alikuwa ameshaondoka na basi la Ijumaa asubuhi. Aida alimtazama Jairo kwa muda, nadhani aliona kitu, kwa sababu alitoa simu yake, akapiga, akaongea kidogo na kumpa.

Jairo aliweka sauti ya nje, si kwa kutaka tusikie. Masikio yake yaliharibiwa na injini.

"Shikamoo, baba," Violet alisema. Miaka saba, na sauti ile ile.

"Marahaba, mwanangu. Violet. Sikujua. Waliniambia umegeuza. Nilikuwa nimetengeneza, nimepanda na ukoka. Niko Nakonde hapa, kesho napanda basi nakuja huko Kasama."

Kwa mbali tukasikia watoto wanagombania kitu na mtu anawatuliza.

"Baba, usije," alisema, taratibu, bila ukali wowote, na ni heri angefoka. "Shangazi Aida amenieleza leo asubuhi habari za hilo neno, nimeelewa. Sina kinyongo. Lakini pale getini mkubwa aliniuliza, babu yuko wapi? Sikuwa na la kumwambia, baba. Nikamwambia babu alishakufa, ndiyo maana kumefungwa. Wamelia njia nzima mpaka hapa. Jana tumewasha mshumaa, tumekuombea. Leo ndio wameanza kucheza. Sasa ukija, niwaambie nini? Mimi sitawaliza mara mbili."

Nilitaka kumnyang'anya simu nipige kelele, nimwambie Violet, subiri, yuko hai huyu, niko naye hapa, kosa ni la dalali mpumbavu wa mchele. Gibson alikuwa ametazama ukutani.

Jairo alihema. Nikaona kidole chake kinatafuta kitufe cha kupunguza sauti, hakikioni.

"Mliomba vizuri?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Basi umefanya vizuri. Waache wacheze."

Akangoja, labda kuna neno litakuja. Lilipokosa kuja, akamrudishia Aida simu, akamshukuru, akatuuliza kama tumekula.