Kanda Zote Zisizo na Kibali

Soko huria lilipofika Mwanza, vibanda vya kunakili kanda vilizagaa Nyamagana yote. Kwaya yetu ya Igogo, ambayo mimi, mwalimu kijana wa Kiswahili, nilikuwa katibu wake, ilikuwa imerekodi nyimbo kumi. Aliyeongoza sauti ya kwanza alikuwa mama yangu. Alifariki kabla kanda haijatoka, na hatukuwa na sauti yake mahali pengine popote.

Haukupita muda nikaikuta kanda yetu sokoni, imebandikwa karatasi yenye neno OLIJINO.

"Huu ni wizi," nilimwambia mwenye kibanda.

Alicheka. "Kwani mwalimu, mnamwimbia Mungu au mnamwimbia mteja? Mimi nawafikisha mpaka Kisesa bila nauli."

"Hata neno lenyewe umelikosea. Ni orijino."

"Basi nisahihishie. Si ndiyo kazi yako?"

Nilikwenda kuiandikia barua ofisi ya utamaduni. Mwanzoni niliandika "kanda za wizi". Nikaona maneno hayo hayana hadhi, nikayafuta. Sentensi yangu ya mwisho ikasomeka: "Kanda zote zisizo na kibali zikamatwe."

Siku ya nne kibanda kilikuwa kitupu. Nilipita pale makusudi, nikafurahi, sifichi.

Siku ya sita, tukiwa mazoezini, ofisa aliingia na askari wawili.

"Mwalimu, ahsante kwa barua. Kanda mama iko wapi?" Alimaanisha ile ambayo nakala nyingine hutolewa kwayo.

"Ile ni yetu wenyewe."

"Kibali chake?"

"Kibali cha nini? Tumeimba sisi."

"Sijauliza nani ameimba." Akafungua faili. "Hapa umeandika 'zote'. Au mwalimu wa Kiswahili hakumaanisha?"

Waimbaji walinigeukia. Kanda mama ikatiwa guniani pamoja na nakala zetu zote.

Nilifuatilia ofisini miezi mingi. Jibu lilikuwa moja: bado inasikilizwa. Nani alikuwa akimsikiliza mama yangu, na akitafuta nini katika sauti yake, sikuambiwa. Hatimaye nilimwendea mwenye kibanda, na safari hiyo sikutaja wizi.

"Hukubakiza hata moja?"

"Walichukua zote, mwalimu." Hakucheka.

Juzi kijana mmoja mwanamuziki, ambaye nyimbo zake zinasambazwa mtandaoni bila ridhaa yake, aliniletea maoni yake kuhusu sheria inayojadiliwa, niyasome. Wizi ni wizi. Msimamo wangu haujabadilika. Lakini nilipofika aya ya mwisho niliisoma mara mbili. Alikuwa ameandika: "Kurasa zote zisizo na kibali zifungwe."

"Hapa," nilimwambia, "andika 'za wizi'. Neno 'zote' lifute."

"Mbona ni Kiswahili sanifu, mzee?"

"Ndiyo. Lifute."

Alitabasamu kwa heshima, kama mtu anayemvumilia mgonjwa. "Hiyo ni nakala tu, mzee. Yenyewe nimeshaipeleka asubuhi. Wameisifu sana."