Wageni Wasimame

Kengele ya kanisa letu pale kijijini Ruanda, karibu na Vwawa, haikuwa kengele. Ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, na mzee wa kanisa aliigonga kwa nondo kila Jumapili, mara ya kwanza watu waoge, mara ya pili watoke majumbani. Juzi nilikuwa Tunduma, napita mbele ya gereji, fundi mmoja akawa anagonga rimu kuinyoosha. Ilinibidi niegemee ukuta. Nina watoto wangu sasa, lakini sauti ile ikinifikia natafuta mahali pa kukaa.

Nilikuwa na miaka tisa baba alipokuja nyumbani na Selestini. Alimtoa Tunduma, alikokwenda kununua vipuri vya mashine yetu ya kumenyea kahawa. Rafiki yake, mchungaji wa upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ndiye aliyemwomba amfiche. Selestini alikuwa mwandishi wa habari na mpiga filamu kutoka Kongo. Alikuwa amewarekodi wanakijiji waliochomewa nyumba ili mgodi upate nafasi, na wenzake wawili walioifanya kazi hiyo pamoja naye walikuwa wameshauawa. Mke wake na binti yake walikuwa njiani, nyuma yake. Kwetu alikuwa na jambo moja tu la kufanya: kuwasubiri bila kujulikana.

Baba aliwaambia majirani kwamba ni fundi wa mashine za kahawa kutoka Vwawa. Uongo huo ulitutesa, maana ulikuwa msimu wa kuchuma na mashine za watu zilikuwa zinaharibika. Mama Subi, jirani yetu, alileta ya kwake. Selestini akaifungua, akaitazama kwa heshima kubwa, akaifunga. Haikumenya tena hata punje moja. Baada ya hapo wateja hawakuja.

Mimi niliambiwa ukweli wa kazi yake kwa sababu nilishamkuta na kamera, ila hatari iliyomfuata nilifichwa. Mchana, wazazi wakiwa shambani, tuliketi karibu na vichanja vya kukaushia kahawa, harufu ya maganda yaliyochacha imetujaa puani, akinionyesha kazi zake kwenye kioo kidogo. Kila mtu mle ndani alianza vilevile: jina lake, kijiji chake, ndipo aeleze alivyotendwa. Binti yake naye alikuwamo, kavaa gauni la njano, hana meno mawili ya mbele, anataja jina lake huku anacheka. Solanje.

"Kwa nini wote wanaanza na jina?" niliuliza.

"Wale waliwapiga, wanasema hawa haiko batu," alinijibu kwa Kiswahili cha kwao, ambacho watu ni "batu". "Mutu akisema jina yake mbele ya batu, iko mutu."

Halafu akanigeuzia kamera. "Unakubali?" aliuliza. Aliwauliza hivyo watu wote kabla ya kubonyeza, nami aliniuliza kila mara, hata nikadhani ni adabu za kwao tu. Nikataja jina langu. Sijapata kujiona mkubwa kama siku ile.

Jumapili ya nne alikwenda nasi kanisani, kwa kuwa fundi asiyesali angezusha maneno. Tuliketi nyuma. Matangazo yalipofika, mzee wa kanisa akasema kama kawaida, "Wageni wasimame tuwafahamu." Kwetu mgeni hakaribishwi akiwa amekaa, anasimama, anataja jina na anakotoka, kanisa zima linampigia makofi. Selestini hakusimama. Niliona aibu kwa niaba yake. Nikafikiri anaogopa Kiswahili chake kuchekwa, basi nikasimama mimi.

"Mgeni wetu anaitwa Selestini," nilisema kwa sauti ile ya kwenye kamera. "Ametoka Kongo. Anapiga filamu za watu walioteswa."

Mkono wa mama ulinishika gauni, lakini ulikuwa umechelewa. Watu walipiga makofi. Kwenye benchi la mbele, wanunuzi wa kahawa waliotoka Tunduma waligeuka kutazama. Selestini akasimama taratibu, akatabasamu, akapunga mkono.

Tulipofika nyumbani baba alivua mkanda, na Selestini akaingia katikati yetu. "Hapana, papa," alisema. "Mutoto amenikaribisha."

Jumatatu asubuhi alipanda pikipiki kwenda Vwawa kutafuta basi la kumpeleka mbali. Mwenye pikipiki alirudi akasema wanaume wanne walimchukua pale stendi, wakamwingiza kwenye gari jeupe, na kiatu chake kimoja kikabaki barabarani. Baba aliuliza kila palipokuwa na mlango, mpaka akaambiwa aache kuuliza. Hadi leo hatujui alipo. Kama ni wale wanunuzi waliosema au ni wengine, sijui pia. Mama alisema si kosa langu. Alilisema hilo mara nyingi mno.

Alhamisi mke wake alifika, na Solanje. Gauni la njano lilikuwa limefubaa, meno yalikuwa yameota nusu. "Papa iko wapi?" aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa mtoto mwenzake. Mimi niliyesema mbele ya kanisa zima nikakimbilia nyuma ya vichanja.

Nilishakuwa mtu mzima nilipoelewa kwa nini Selestini aliuliza "unakubali" kila mara. Alijua jina likishatoka mdomoni halirudi, kwa hiyo alimwachia mwenyewe aamue. Mimi sikumwuliza hata mara moja. Na pale kanisani angeweza kubaki ameketi, nikaonekana mtoto mwongo, mambo yakaishia hapo. Alisimama ili nisisimame peke yangu. Wema huo haunifariji hata kidogo. Unaniumiza kuliko ule mkanda ambao sikuchapwa.

Jumapili iliyofuata rimu iligongwa. Mama aliogopa kuwaacha wale wawili peke yao nyumbani, tukaenda wote, Solanje kaketi kando yangu. Mzee wa kanisa akasema wageni wasimame. Benchi letu lote lilitazama sakafu. Solanje akaniinamia sikioni akauliza kama asimame. Nikalishika gauni lake la njano kwa mikono yote miwili, na sikuliachia mpaka ibada ilipokwisha.