Chombo cha Mirihi na Maji ya Mgeni

Nilianza kuichukia sayari ya Mirihi kiangazi cha mwaka jana. Wakati huo siku zangu nyingi zilikuwa zinaishia ndani ya shimo kwenye mchanga wa korongo, nimechuchumaa na kata mkononi, nangoja maji yajikusanye. Maji ya mchangani hayana habari na haraka zako. Unachota kata moja, unakaa, yanachuruzika tena, unachota. Nyuma yako wenzako wamepanga ndoo na wanakutazama kisogoni. Mgongoni nilikuwa na mtoto ambaye tumbo lake halikukaa sawa tangu aanze kunywa maji yale. Mganga wa zahanati alishaniambia bila kuzunguka: mtoto huyu apate maji safi, au umpeleke kwenye maji safi. Nikamwambia sawa, kana kwamba ni jambo la kuchagua dukani.

Hapa ni Handeni, kando ya barabara ya kwenda Korogwe. Mimi nimezaliwa Kwashemshi, milimani, ambako watu wanalalamikia utelezi. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa na Mzigua, na kabla sijazoea kwao tukahamishwa ukoo mzima kutoka kwenye kaya zao za zamani, tukapangwa kwa mistari katika kijiji cha Ujamaa. Mpimaji alikuja mara moja tu, masika, mvua imeshika. Aliona mto unapita chini ya kijiji, akauchora kwa rangi ya buluu, akapanda gari. Kufika mwezi wa saba mto ule ni mchanga mtupu. Kwenye kaya za zamani kuna chemchemi, lakini kwenda na kurudi kunamaliza asubuhi nzima, na mwenye mtoto mgonjwa haendi.

Mume wangu ndiye aliyeileta Mirihi nyumbani. Yuko Mazinde kwenye mkonge, anakuja mwisho wa mwezi. Nilimwomba aniletee magazeti ya zamani kwa sababu nafundisha kisomo cha watu wazima, na kile kitabu tulichopewa wanawake wamekwisha kukikariri, wanasoma hata kikiwa kimefungwa. Katika gazeti moja mlikuwa na picha ya mawe na mchanga, na pembeni mguu wa chuma. Wamarekani walikuwa wametuma chombo Mirihi, hakina mtu ndani. Sehemu yake moja inabaki juu inaizunguka sayari na kuipiga picha wapate kuchora ramani. Nyingine imeshuka chini.

Darasa letu lilikuwa kwenye ghala la mahindi. Kwanza niliwaamkia wote shikamoo, maana wengi ni wakubwa kuliko mama yangu, ndipo nikashika chaki. Nikawasomea.

“Nani anakiendesha?” aliuliza mama mkwe wangu. Naye ni mwanafunzi wangu, hukaa mbele.

“Hakuna mtu, mama. Wanakiagiza kwa redio kutoka huku duniani.”

“Kinakula nini?”

“Kile cha juu kinakula jua.”

“Kikija Handeni kitanenepa,” alisema bibi mmoja nyuma, na somo likaharibika kwa muda.

Nikawaambia kile cha juu kimeona njia za mito, mito mikubwa, na ndani hakuna maji.

“Wamekwenda mbali hivyo kutazama korongo?” bibi yule aliuliza. “Si wangekuja kwangu. Ningewaonyesha kwa nusu ya nauli.”

“Na kile cha chini kina mkono wa chuma, bibi. Kinachimba mchanga.”

“Kinachimba wapi? Waambie wasichimbe katikati. Wachimbe mto unapopinda.”

Nilicheka nao. Kisha nikafika mwisho wa habari, na hapo kicheko kikanikatika. Iliandikwa kwamba wale watu walikuwa wamekwisha kuchagua mahali pa kushusha chombo. Kile cha juu kilipopiga picha wakaona pale ni pabaya, pana mashimo na miinuko. Wakaahirisha. Kwa majuma kadhaa wakawa wanapekua picha, wanatafuta pengine, mpaka walipopata wakakishusha.

Nilisoma tena kwa sauti, taratibu, kama nasomea watoto. Mtu ameangalia mara ya pili. Kwa ajili ya chuma. Chuma hakinywi, hakinyonyeshi, hakina mtoto wa kuosha. Na sisi watu wazima na vitoto vyetu tulishushwa hapa kwa kutazamwa mara moja, tena masika. Hakuna aliyerudi kuona. Kuna mama mmoja aliyesema “haya,” akajifunga kanga upya.

Siku chache baadaye mwenyekiti wa kijiji alinijia. Afisa kutoka wilayani anapita kwenye vijiji vya kata yetu, kimoja kitapata kisima cha pampu mwaka huu. “Andika risala, mwalimu,” aliniambia. “Wewe ndiye mwenye shule.” Nikaandika. Nilichoweka ndani ni hali ilivyo, nikaacha pongezi.

Darasani nikawaambia: siku hiyo asiteke mtu maji kwa ajili ya mgeni. Atukute tulivyo. Kile chombo cha Mirihi hakikupokelewa na mtu. Hakuna aliyekifagilia njia, hakuna aliyekiimbia wala kukinawisha mikono, ndiyo maana kimeona kilichopo. Wakakubali, na mimi nikaamini. Bibi yule alisema yeye hata uso hatanawa, mgeni asome mwenyewe.

Siku yenyewe nilifika ofisini na risala yangu na mtoto mgongoni. Mbele ya mlango kulikuwa na pipa limejaa mpaka ukingoni. Ndoo zimepangwa mstari, zimefunikwa majani yasimwagike. Uwanja wote ulikuwa umenyunyizwa maji kutuliza vumbi. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kivulini na wazee wenzake, miguu ina tope kavu mpaka kwenye ugoko. Walikuwa wametoka alfajiri kwenda kwenye chemchemi ya kaya za zamani.

“Mama, tulikubaliana nini?”

“Tulikubaliana, mwanangu. Lakini mgeni afike akose maji ya kunawa? Watatusema mpaka Korogwe.”

“Watasema hatuna maji. Si ndicho tunachotaka wakiseme?”

“Huko kwenu milimani labda.”

Niliwatazama wale wazee na miguu yao.

Afisa alikuja, tukaimba. Akanawa, akala wali na kuku, akanywa maji bilauri mbili. Nikasimama nikasoma: “Ndugu mgeni, kijiji hiki hakina maji.” Akaligeukia pipa. Watu wote wakaligeukia pipa. Nikaendelea, ningefanya nini, nikasoma mpaka mwisho, kuhusu mto wa kwenye ramani na shimo la mchangani na matumbo ya watoto.

Akainuka akitabasamu. “Mama, risala yako kali na umeisoma vizuri. Lakini nimenawa, nimekunywa, hata vumbi mmenizuilia. Wenzenu wa jana walinipokea na mikono mikavu.”

Wakacheka. Mwenyekiti alicheka kuliko wote.

“Ndugu mgeni, naomba nikupeleke yalikotekwa,” nilisema.

Akatazama saa, akasema gari lina vijiji vingine. Mwenyekiti akaninong'oneza nikae.

Pampu ilikwenda kwa wale wenye mikono mikavu. Siwalaumu, na wao walikuwa na kiu. Mama mkwe wangu sikumsemesha kwa muda mrefu, na yeye hakuniomba radhi, kwa sababu mpaka leo haoni kosa. Nikimuuliza atajibu vile vile. Na ukweli unaoniudhi ni kwamba siku ile hakuna hata mmoja aliyeona aibu isipokuwa mimi.

Kabla kiangazi hakijaisha nilimpeleka mtoto Kwashemshi kwa mama yangu. Mama mkwe alitusindikiza mpaka barabarani, akambeba yeye, akamkabidhi kwangu gari lilipofika. Nilikaa milimani siku chache, nikarudi, maana huku nina shamba na nina mume wa mwisho wa mwezi.

Tumbo la mtoto limetulia kabisa. Amenenepa, ameanza kukimbia. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona alikuwa anamwita bibi yake mama. Nikamsahihisha. Akalia, akamkimbilia.